Muganga wa Nyuma ya Pazia

Kwa miaka mingi mwanamke mmoja alikuwa akiingia dukani kwangu bila kitambaa, bila nguo ya kupunguza, bila hata kifungo cha kubadilisha, na kupita moja kwa moja nyuma ya pazia langu kana kwamba nimelitundika kwa ajili yake. Mimi ni fundi cherehani. Duka langu liko kwenye mpando wa kutoka daraja la Rusizi ya Pili, pale ambapo mtu aliyevuka kutoka Bukavu huanza kuhema na kuujutia mzigo wake. Mwanamke huyo alikuwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya cha jirani. Jina lake nalijua, lakini sijawahi kulitumia, na nikilitumia leo ataniuliza nani amenipa ruhusa. Wote tulimwita Maman Muganga, hata padri wetu, hata shehe mmoja wa Bugarama aliyekuwa akija kushonesha kanzu kwangu.

Sitaeleza kwao wala ukoo wake. Ninachoweza kueleza ni mikono yake, ubishi wake, na jinsi alivyonirudishia mke wangu nilipokuwa karibu kumpoteza, bila mimi wala mke wangu mwenyewe kujua kwamba tunapotezana.

Alikuwa mfupi, mnene, na akitembea utadhani anakwenda kugombana na mtu. Koti lake jeupe nilimshonea mimi, na kila mara aliniagiza mifuko mikubwa kuliko inavyoruhusiwa na heshima ya koti. Humo ndani alitia peremende za watoto, mkasi, leso, na mara nyingi sambaza, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga waliofungwa kwenye karatasi. Alikuwa akiwaonya watu wasile mafuta na chumvi nyingi, kisha anageukia ukutani kwangu na kula sambaza wake. Koti likija kwangu kwa kutengenezwa, paka wa jirani walinijia pamoja nalo. Nilimwambia koti la muuguzi halipaswi kunuka ziwa. Akasema hayo ni mambo kati yake na ziwa.

Na alikuwa mtu wa kuchelewa. Sijaona mfano wake. Misa aliikuta kwenye sadaka, na harusi aliikuta watu wakinawa mikono baada ya kula. Aliwahi kuchelewa kwenye sherehe iliyoandaliwa kwa heshima yake mwenyewe, tukaimba zile nyimbo kwa kiti kitupu. Lakini mtu huyohuyo hakuvumilia kuona mgonjwa amechelewa. Ukimwambia unaumwa, alikurushia maswali yote kwa pumzi moja: “Unaumwa fasi gani? Tangu lini? Na juu ya nini haukukuya?” Fasi ni mahali, na kukuya ni kuja, kwa Kiswahili chetu cha huku, na kwake kila ugonjwa ulipaswa kuonyesha fasi yake kwa kidole. Maneno kama “naumwa tu” hakuyapokea.

Kitu kingine kilichowashtua watu ni neno lenyewe. Wengine walisema ule ugonjwa mbaya, au ule wa siku hizi, au walishusha sauti tu na kutazama pembeni. Yeye alisema kanseri wazi, sokoni, kwenye foleni, mbele ya wakwe, kwa sauti ileile aliyosemea malaria. Mama mmoja alimwomba asilitaje, litasikia. Akamjibu, “Lisikie tu. Nalitafuta.”

Sasa nieleze habari ya pazia. Biashara ya hapa kwetu inajulikana, sidhani nitakuwa ninamchongea mtu. Wanawake wanaovuka kutoka Bukavu huleta vitenge, na wengi huvileta mwilini. Mmoja anajifunga kitenge juu ya kitenge, kiunoni, tumboni, kifuani, anavaa gauni pana juu yake, anapita darajani akiwa mnene kama mke wa waziri. Akifika kwangu anaingia nyuma ya pazia, anajifungua, na kutoka akiwa mwembamba. Mke wangu, Maman Neema, ndiye aliyekuwa akishika pazia lisipeperuke na kuwamiminia chai. Yeye naye alizaliwa ng'ambo, kwa hiyo wote walikuwa dada zake.

Maman Muganga aliyajua hayo yote. Na huyu ni mtu aliyekuwa akimgombeza hadharani yeyote aliyevuka barabara nje ya mistari myeupe. Alikaa nyuma ya pazia langu, magendo yakifunguliwa mbele ya macho yake, na asiseme neno. Siku moja nilimuuliza inakuwaje anawaachia watu wanaoikwepa duwani, yaani forodha.

“Papa Fundi,” akasema, “miye siko muntu wa duwani. Bintu ya inje ni kazi yabo. Miye naangaliaka ya ndani.”

Lakini hakuanza hivyo. Zamani alikuwa akikaa kituoni kwake kama wauguzi wengine, na kilichomtoa huko kilikuwa kifo cha Maman Riziki. Alinisimulia siku ya mvua, wanawake hawakuvuka, nami nilikuwa nikipinda mapazia ya kanisa. Alisimulia akiitazama mvua.

Maman Riziki alikuwa mchuuzi wa vitenge, mcheshi, asiyependa kupoteza muda. Alikuwa na maumivu ya mgongo, na alikuwa akipita kituoni moja kwa moja kutoka darajani, mzigo wote ungali mwilini, maana yeye alivifungulia vitenge vyake nyumbani kwake upande huu, si kwangu.

“Namuambia, Maman, toa manguo nione,” Maman Muganga alisema. “Anacheka. Anasema, nikitoa, ni nani atanifunga tena? Na miye nacheka. Foleni ni murefu. Namupa dawa ya maumivu, anaenda. Anarudia, namupa tena ile ile. Na tena namusifu, Papa Fundi. Namuambia, umenenepa, biashara inaenda muzuri.”

Siku moja Maman Riziki akaanguka mlangoni mwa kituo. Wakambeba ndani, wakaanza kumfungua. Kitenge cha kwanza, cha pili, kingine, kingine tena. “Tunatoa tu, tunatoa tu. Nikafika ku mubiri, hakukuwa muntu, ni mifupa tu.” Chini ya kitambaa cha mwisho, kifuani, ziwa moja lilikuwa na kidonda cha siku nyingi, kimefunikwa kwa kipande cha kanga. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia kwenye mifupa ya mgongo. Hospitali iliweza kumpunguzia maumivu tu, na Maman Muganga alikwenda kumwona kila jioni mpaka alipomfumba macho.

“Nilikuwa nasifu bitenge,” aliniambia. Akatoa sambaza mfukoni, akawatazama, akawarudisha. Sijui kama aliwahi kujisamehe kwa hilo. Nilimhurumia sana siku ile, nami si mtu wa kuhurumia watu ovyo.

Muda mfupi baada ya mazishi ndipo alipotokea dukani kwangu mara ya kwanza bila nguo ya kushona. Alisimama katikati ya duka, akauliza, “Bamama banatoaka manguo fasi gani?” Nikamwonyesha pazia. Akasema, “Basi na miye nitakuwa pale.” Tangu hapo, siku za soko, alipita kwangu kabla ya kwenda kazini, na wanawake walipokuwa wakijifungua, yeye aliwapima. Hakuna haja ya kumbembeleza mtu avue nguo, alisema, wakati amekwisha kuvua.

Mwanzoni walimkimbia. Mmoja alitaka kuvuka tena kurudi Bukavu na vitenge vyake. Lakini alikuwa na namna yake. Alimsogelea mama, akamgusa kiunoni kwa kidole kimoja, akauliza kwa uso mkavu, “Hii ni weye ao ni bitenge?” Mwanamke akicheka, amekwisha. Kisha alikuja kwenye meza yangu na kupasha viganja vyake joto juu ya pasi yangu ya makaa, kwa sababu alisema mikono ya baridi inafunga moyo wa mtu. Mteja wangu amesimama anasubiri suruali yake, pasi yangu imetekwa. Nililalamika kila siku ya soko, na kila siku ya soko alinijibu kwamba suruali haina haraka.

Akiwa nyuma ya pazia hakunyamaza. Vidole vyake vikitembea, mdomo ulikuwa ukisimulia habari za bei ya muhogo, za mapadri, za waume wa watu. Katikati ya umbea aliuliza maswali yake: unatokwa damu baada ya kukutana na bwana? Umeona chuchu imeingia ndani? Una kikohozi kisichoisha? Wanawake walijibu bila kujua kwamba wamehojiwa. Mimi nilikanyaga cherehani kwa nguvu nisisikie, na kuna mambo niliyasikia ambayo nitazikwa nayo.

Kituoni kwake pia aligeuza mambo. Wauguzi wake hawakuruhusiwa kumpa mtu dawa kabla ya kuiona kwa macho sehemu inayouma, na aliyerudi na maumivu yaleyale hakupewa tena vidonge vilevile na kuambiwa nenda. Alipelekwa mbele, hospitali ya wilaya. Foleni ikarefuka, watu wakanung'unika, na wauguzi wake wakaja kunung'unika kwangu, kana kwamba mimi niliyemshonea koti ndiye niliyemtia hizo fikra.

Wengi aliowapeleka hospitali hawakuwa na kitu. Walirudi na karatasi inayosema ni uvimbe wa kawaida, au ni kidonda cha tumbo tu. Wengine walimcheka kwamba anaona kanseri hata kwenye chunusi. Mtu mwenye kiburi chake angenuna. Yeye alipopata habari kwamba amekosea, alipiga makofi katikati ya njia. “Nimekosea! Aksanti Mungu, nimekosea kabisa!” Nilimwona akicheza na mama mmoja mbele ya duka langu kwa furaha ya kukosea. Mtu aliyekuwa mbishi hata juu ya hali ya hewa, aliyekataa kwamba mvua inanyesha mpaka imlowanishe, katika jambo hili alipenda kushindwa.

Pazia lile lilipita wanawake wengi. Mmoja tu halikumfunika, na huyo ni aliyekuwa akilishika.

Siku moja wachuuzi walikuwa wamekwenda sokoni. Maman Muganga alikuwa anafuta mikono, tayari amechelewa mkutano. Mke wangu alikuwa akilikunja pazia. Maman Muganga akamtazama kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha chungu motoni.

“Na weye?”

“Miye?” Maman Neema akacheka. “Miye niko wa apa nyumbani.”

“Miaka yote hii unashika tu pazia.”

“Siumwe, Maman Muganga.”

“Sikukuuliza kama unaumwa.”

Mke wangu akasema siku nyingine, akasema ana sufuria jikoni, akasema na wewe una mkutano. Maman Muganga akavuta kiti changu cha wateja, akakaa, akatoa sambaza wake na kuanza kula taratibu. “Mukutano inanijua,” akasema. “Nitakaa apa.” Alikaa mpaka chai ikapoa na sufuria ikaungua, na ilipodhihirika kwamba hataondoka, mke wangu aliingia nyuma ya pazia akinung'unika. Hakukuwa na mtu wa kulishika. Nikaenda kulishika mimi, mgongo wangu kwao, macho barabarani, nikiomba asipite mteja anayenijua.

Niliwasikia wakiongea. Habari za muhogo, habari za binti yetu Neema na masomo yake. Halafu Maman Muganga akanyamaza katikati ya neno. Sikuwahi kumsikia akinyamaza mle ndani. Nilitazama barabara, magari yakipita.

“Papa Fundi, kuya.”

Alikichukua kidole changu na kukiweka kifuani mwa mke wangu, upande wa kushoto, karibu na kwapa. “Sikia. Usiogope. Sikia tu.” Kilikuwa kitu kidogo, kigumu, kisichouma, kama fundo la uzi lililosahaulika ndani ya pindo. Maisha yangu yote nimekuwa nikitafuta mafundo ya namna hiyo kwa kidole, na sikupenda nilichokigusa.

“Pengine si kitu,” Maman Muganga alisema. “Pengine nakosea. Twende tuone.”

Nilimwomba Mungu awe amekosea. Niliomba kwa bidii zaidi ya nilivyowahi kuomba kitu chochote, nikimwona akilini mwangu akicheza barabarani na mke wangu. Hospitali ya wilaya wakapiga picha, wakachukua kipande kidogo kwa sindano, wakakipeleka kupimwa. Tukasubiri. Maman Muganga alipiga simu hospitali kila siku, hadi nadhani walichoka na sauti yake. Jibu lilipokuja, alilileta mwenyewe, na nilimwona kutoka mbali akipanda mpando polepole. Mtu wa kutembea kwa ugomvi, siku hiyo alitembea kama wengine. Nikajua kabla hajafika.

Alikaa chini, akalitaja neno lake wazi kama kawaida, kisha akasema lingine. “Lakini ni ndogo. Sikieni miye. Ni ndogo, na iko fasi yayo, haiyatembea bado.”

Ilibidi akakatwe kwenye hospitali ya saratani, safari ya siku nzima kwa bisi, ndivyo tunavyoliita basi. Ndugu wa mke wangu wa Bukavu walipiga simu kila mmoja na shauri lake. Kuna mzee mwenye dawa. Kuna kanisa wanafunga na kuomba. Na wote walijua jambo moja: ukikatwa na kisu, kanseri inaenea. Hilo lilimwingia mke wangu. Alikaa jikoni akasema haendi popote, afadhali afe na mwili wake mzima. Mimi nilipaza sauti, nikambembeleza, nikapaza tena, na haikusaidia kitu.

Maman Muganga hakupaza sauti. Alikuja kila jioni, akala chakula chetu, akalalamika kwamba kina chumvi, na kujibu swali lilelile kwa jibu lilelile. Wanaokufa baada ya kukatwa, alimwambia, wengi wao walichelewa kukatwa. Alimsimulia tena habari za Maman Riziki, bila kujificha. Mwisho mke wangu akasema, “Acha kwanza nisali.”

“Sali,” Maman Muganga akamjibu. “Na miye nitasali. Lakini tusalie mu bisi.”

Mke wangu alicheka, kisha akalia, na kesho yake alifungasha begi.

Basi la kupita msitu wa Nyungwe kwenda hospitali ya saratani kule kaskazini huondoka Kamembe asubuhi. Tulifika mapema, mimi nikiwa na hakika kwamba Maman Muganga aliyeahidi kutusindikiza atalikuta basi limekwenda. Dereva hajafika. Mlango wa basi umefungwa. Na pale kwenye ngazi ya mlango, juu ya mfuko wake, amekaa mwanamke mfupi, mnene, amejifunga kanga mbili kwa ajili ya baridi ya msituni. Alikuwa wa kwanza kuliko wote.

“Munachelewa,” akatuambia.

Nililia pale kituoni mbele ya makondakta. Sioni aibu kuliandika.

Yaliyofuata yalikuwa magumu na sitayasimulia yote. Walitoa ziwa la kushoto. Dawa alizotiwa mishipani zikamng'oa nywele, na chakula kikawa adui yake. Kulikuwa na wiki alizosema bora asingeenda. Lakini ugonjwa haukuwa umetembea, kama alivyosema Maman Muganga, na mambo yalipotulia mke wangu alisimama mbele ya kioo changu cha wateja akaniambia, “Shona kitu.” Nikamshonea ziwa la kitenge, la kitambaa kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, nikalijaza pamba na mchele kidogo wa Bugarama ili liwe na uzito. Nimeshona magauni ya maharusi wengi. Kazi ile ndiyo ninayojivunia.

Maman Muganga alistaafu, akaenda kuishi Giheke kulima maharage. Pazia langu lipo. Muuguzi kijana wa kituoni anakuja siku za soko, naye anaiteka pasi yangu vilevile, na mke wangu analishika pazia, ila siku hizi hamruhusu mama yeyote kupita kabla hajamuuliza, “Na weye?”

Mwezi uliopita tulikwenda Giheke kumtazama. Alitwambia tuje saa sita. Saa sita tulikuta mlango umefungwa, tukakaa kizingitini na kuku wake, mpaka alipotokea kwa jirani, amechelewa nyumbani kwake mwenyewe. Amepungua kidogo. Macho yake yameingia ukungu, na aliposema ataenda kuonyesha macho hospitali, siku nyingine, mke wangu alimtazama kwa namna ambayo hata asiyeona vizuri angeihisi. Akasema basi, wiki hii.

Mimi alinitambua kwa sauti. Mke wangu alimkaribia, naye Maman Muganga akamshika mabega, akashangaa. Maman Neema amenenepa siku hizi, amenenepa kweli, hata magauni yake nimeyaongeza. Maman Muganga alisita. Niliona uso wake ukibadilika, na nilijua anamfikiria nani. Akanyoosha kidole kimoja, akamgusa kiunoni, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, “Hii ni weye ao ni bitenge?”

Mke wangu aliuchukua ule mkono, akaupandisha mpaka kifuani, upande wa kushoto.

“Ni apa tu iko kitenge, Maman Muganga. Fasi ingine yote ni miye.”

Maman Muganga hakuuondoa mkono. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaliita jina la Maman Riziki mara moja, taratibu, kisha akatuuliza kama tumekula.